Muhuri wa Majivu

Juzi, mpakani, nilimwona mwanamke akifuta majivu ya Kwaresima kwa pindo la kitenge, nikarudi utotoni.

Tulikuwa tumetoka misa ya Jumatano ya Majivu, sote tumepakwa pajini, hapa Kamembe. Maman alinawa uso kwa sabuni iliyonukia ua zima, kisha akajitwika beseni la nyanya za kwenda kuuza Bukavu. Huko ng'ambo ya mpaka risasi zilikuwa zikisikika tangu jana yake. Mimi niliamini majivu ni muhuri wa Mungu, kama ule wanaogonga kwenye karatasi mpakani. Asiye nao harudi.

"Maman, umefuta! Basoda benye bunduki batakuacha upite namna gani?"

"Muntu mwenye kufunga ananawa uso, mutoto wangu. Mungu anaonaka ndani."

Sikuridhika. Nililia mpaka jirani yetu Mwislamu, fundi nguo, akasimamisha cherehani yake. Ndipo maman akatua beseni na kuinama. Nikabandika paji langu kwenye paji lake, nikasugua mpaka weusi ukahamia kwake. Hakunawa tena. Akaenda hivyo hivyo.

Jioni alirudi, beseni tupu, doa limechanganyika na jasho. Kwangu, muhuri ulikuwa umefanya kazi.

Leo nayaelewa maneno ya padri alipotupaka yale majivu: sisi ni mavumbi, na mavumbini tutarudi. Nilimpaka mama yangu kifo, nikidhani nampa kibali cha kurudi nyumbani. Yeye alijua maana ya majivu, na bado aliinama.