Krimu ya Shemeji, Kijivu cha Mwanne

Mwanne wa Gongoni alikaa eda akiutazama ukuta. Hakuwa na pengine pa kutazama. Wiki moja kabla ya kufariki, mumewe Nasri alipaka viraka viwili pale sebuleni, kila kimoja ukubwa wa sinia, kimoja krimu na kingine kijivu kilichopauka, wapate kuchagua rangi ya nyumba. Kifo kikamkuta hajachagua.

Aliyejitia kujua ni Mfaume, kaka mkubwa wa marehemu. Kila Ijumaa akitoka msikitini alisimama barazani, akasema nyuma ya pazia: "Shemeji, marehemu alitaka krimu. Ukitoka eda tutapaka, nawe ukapumzike kwa ndugu zako Isikizya."

Kupumzika! Mwanamke aliyefyatua matofali ya nyumba hiyo kwa mikono yake, na jina lake limo kwenye hati pamoja na la mumewe, leo anatafutiwa pa kupumzikia. Mwanne aliitikia "Haya, shemeji," kwa heshima ya msiba, huku moyo unamchemka.

Basi akawa anatazama. Asubuhi krimu ilipendeza, hilo hakulikataa. Lakini jua likipanda, mwanga uliingia dirishani ukitokea kwenye udongo mwekundu wa uani, na ile krimu ikawa njano ya samli iliyokaa sana. Kijivu kilitulia kutwa nzima. Siku za mvua kilileta ubaridi kidogo, hilo pia alilikiri. Kiangazi vumbi lilikaa juu ya vyote viwili. Kwenye krimu lilijificha, kwenye kijivu lilionekana. Afadhali, aliwaza, uchafu ninaouona nitaufuta.

Siku ya tatu baada ya kutoka eda, fundi Anton alipiga hodi na ndoo mbili za krimu. Nyuma yake alikuwa Mfaume, kanzu imenyooka.

"Shikamoo, shemeji," Mwanne alisema.

"Marahaba. Fundi aanze sasa hivi, mpangaji anaingia mwisho wa mwezi. Wapangaji wanapenda krimu."

Kumbe! Si marehemu aliyetaka krimu, ni mpangaji. Mwanne alisimama katikati ya mlango, na hasira yake ilikuwa safi, haina hata chembe ya woga.

"Rangi hizi nimekaa nazo miezi minne na siku kumi, shemeji. Nimeziona alfajiri, nimeziona adhuhuri, nimeziona nikilia. Wewe umezionea wapi, barazani? Nasri alikufa bado anauliza, na aliyekuwa akiulizwa ni mimi."

"Lakini nyumba ya mdogo wangu..."

"Yake na yangu. Hati ipo kabatini. Na Isikizya siendi, hata kusalimia, mpaka kuta hizi zikauke."

Mfaume alimgeukia fundi, labda atapata wa kumuunga mkono. Anton, mtu mzima aliyepaka nusu ya mtaa ule, alikuwa anakwaruza kucha yake.

"Mama Anifa," alimwambia Mwanne, "nikabadilishe?"

"Kabadilishe. Lete kijivu."

Anton akabeba ndoo zake, akaita bodaboda. Mfaume alibaki pale mlangoni, hajui aage au aketi. Mwanne alikuwa ameshainama, ameshika ncha moja ya kochi kubwa lililoegemea ukuta.

"Shemeji," alisema, "shika huko mwisho tulisogeze."

Mfaume akakunja mikono ya kanzu, akashika.