Jiwe la Mtandao

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipopanda kwa bibi mzaa mama, juu Uluguruni, kumsaidia kuvuna maharage. Kwake simu ilishika mtandao sehemu moja tu: juu ya jiwe kubwa mwisho wa shamba. Nililipanda kila saa, kwa sababu mpenzi wangu, aliyebaki mjini, Mwembesongo, alitaka picha. Nipo wapi, na nani, nimevaa nini. Nikichelewa yalifuata matusi, kisha kilio chake, kisha mimi kuomba msamaha. Siku moja aliniminya mkono hadi nikavaa mikono mirefu wiki nzima. Rafiki zangu niliwaambia ana wivu. Wakasema nina bahati.

Siku ya tatu bibi aliacha kupukuchua maharage.

"Mjukuu wangu, kule juu unafuata nini?"

"Kuna mtu anataka kujua nilipo."

"Umemwibia?"

"Hapana, bibi."

"Babu yako alinioa akahamia hapa, kwenye shamba la ukoo wangu. Miaka yote ile hakuuliza niko wapi. Aliuliza chakula kiko wapi."

Nilicheka, kisha nikatazama simu. Saa ilikuwa imepita. Mimi ni mtu wa kuwaza jambo moja mara kumi, na tayari nilikuwa na visingizio vitatu: chaji, mvua, ugonjwa wa bibi. Nikajisikia nikivipanga. Nilikuwa natafuta uongo wa kueleza kwa nini nimekaa na bibi yangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilichokuwa nakiita mapenzi kilikuwa woga.

Sikupanda mpaka jioni. Nilipofika juu ujumbe ukamiminika, wa mwisho ukisema: "Ukirudi nitakufundisha adabu." Nikaandika kwamba hapati picha tena, tumeachana, nikamzuia. Nikashuka, nikapandisha mkono wa blauzi, nikamwonyesha bibi pale nilipominywa, nikamwambia yote. Siku ya kurudi mjini mjomba alinisindikiza, na kesho yake akaenda kwa wazazi wa yule kijana. Kijana hakunikaribia tena.

Sasa nimemaliza chuo, sina kazi, na bado nawaza kama nilikuza mambo. Juzi rafiki mmoja wa wakati ule aliniambia, "Si umsamehe tu, alikuwa mtoto yule."

Zamani ningekubali ili yaishe.

"Na mimi nilikuwa mtoto," nikamjibu. "Na mkono ulikuwa wangu."