Jicho la Ukutani

Wenzake walimwita Daktari wa Pembeni, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ndani ya macho: mgonjwa anaweka kidevu kwenye kibao, anakodolea nukta ya kijani, mashine inalia kidogo, picha inatokea kwenye skrini. Kuisoma ilikuwa kazi ya daktari wa chumba cha pili. Lakini mtu akinyanyuka na kuuliza, "Vipi, dada, kuna usalama?" mdomo ulimwasha. Angesema, "Hakuna neno," au angeguna tu, na guno lake likamkosesha mtu raha hadi mlangoni kwa daktari. Alikaa na mashine ile miaka mingi, akaanza kuamini kwamba yeye na daktari wamesoma darasa moja.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliijaribu mashine kwa jicho lake la kulia. Yeye anaweka kidevu, muuguzi anabonyeza. Picha ikitoka safi, kazi inaanza. Mojawapo ya picha hizo aliichapisha, akaibandika ukutani nyuma ya mashine na kuandika chini yake kwa kalamu nene: JICHO ZIMA. Ilionyesha retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, imekatwa kwa upande kama kipande cha mkate, tabaka juu ya tabaka. Juu kabisa palikuwa na kijistari cheupe, chembamba, na chini yake mikunjo midogo. Alikuwa amekitazama asubuhi nyingi mno hata hakukiona tena.

Mdogo wake wa kiume alichora mabango ya maduka. Watu walimwita Rula kwa sababu rula hakuijua: alifumba jicho la kushoto, akaupima ukuta kwa la kulia, akavuta brashi, na mstari ukanyooka. Wapita njia walisimama kumtazama, naye alipenda kutazamwa. Siku moja akamjia dada yake mwisho wa kazi, kofia mkononi, rangi kwenye kucha.

"Dada, mistari inanicheza. Nikifumba la kushoto, hata ukingo wa mlango unajikunja."

"Daktari ameshaondoka. Kaa hapo nikuangalie. Foleni ya nini na mimi nipo?"

Faili hakumfungulia. Alimpiga picha, akainama kwenye skrini, akaona kijistari cheupe na mikunjo. Moyo ulimdunda kidogo, hilo tusimnyime. Kisha akageukia ukutani, akarudi kwenye skrini, akageukia ukutani tena. Zilikuwa pacha.

"Tazama mwenyewe," alisema huku anacheka. "Lako na langu ni kitu kimoja. Na mimi hapa naona hadi chawa kichwani kwa jirani."

"Niandikishe basi kwa daktari, nitulie roho."

"Daktari atakuambia nini nisichokijua mimi? Umechoka tu. Nenda kalale."

Akaenda kulala. Akaamka, akachora bango la duka la dawa, na herufi zikateremka kwenye ukuta kama zinatafuta mlango wa kutokea. Bango lililofuata likawa vile vile. Na fundi anayepindisha mistari husemwaje? Husemwa amelewa. Neno lilianzia kwa mafundi wenzake, likafika nyumbani kabla yake, na mkewe akaenda moja kwa moja kwa wifi yake kutafuta ukweli. Daktari wa Pembeni angeweza kulizima pale pale.

"Jicho nimelipiga picha kwa mkono wangu, ni zima," alimwambia. "Sasa kama jicho ni zima na mistari imepinda, wifi yangu, tafuta chupa."

Chupa haikuwepo. Mke alipekua chini ya kitanda na nyuma ya makopo ya rangi, akamnusa mumewe mdomo kila alipoingia. Rula aliapa mpaka akachoka kuapa. Wateja walimpa kazi fundi mwingine, mwenye rula.

Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Kisha akaja daktari mpya, mwanamke mpole, akaingia chumba cha mashine kuazima kiti, macho yake yakatua ukutani.

"Huyu mgonjwa alirudi?"

"Mgonjwa gani, daktari? Hilo ni jicho langu."

Daktari akaweka kiti chini, akasogea. "Una utando juu ya retina. Huu hapa, mweupe. Unaona unavyoikunja ngozi ya chini? Wengine hukaa nao maisha yote usiwadhuru. Kwa wengine unavuta, unavuta, mpaka unaharibu. Nani aliandika jicho zima?"

Aliyemjia akilini alikuwa Rula, kofia mkononi.

Kesho yake alimleta mdogo wake, safari hii kwa foleni na kwa faili. Kwake utando ulikuwa umevuta kweli. Katikati ya retina palikuwa pameanza kuchanika. Walimpasua, wakaubandua. Bandeji ilipotoka, daktari alisema mistari haitanyooka tena yote, maana ngozi imevutwa muda mrefu, na kwamba kama wangewahi. Sentensi hakuimalizia. La dada likapimwa pia: halikuwa na lolote jipya. Alilia kwa hasira katika choo cha wafanyakazi. Angetamani livutwe lake.

Akamfuata Rula kwake. Alimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, brashi zimekaukiana ndani ya kopo. Alimwambia yote: ukuta, kijistari, na jinsi alivyotaka tu aonekane anajua.

"Na lako je?" Rula aliuliza.

"Halina neno."

"Bado linaona chawa?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi ingia ndani ukamwambie mke wangu kwamba sikuwa nikinywa. Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

Akaingia. Mke alikuwa akipiga pasi, akasikiliza hadi mwisho bila kuinua macho. Kisha akaiweka pasi kando, akapitisha mkono nyuma ya makopo ya rangi, akatoa chupa iliyobaki nusu.

"Ile uliyoniambia nitafute niliitafuta sana, wifi, sikuiona," alisema. "Hii imekuja baadaye, wala sikuitafuta."