Breki ya Thuwein na Sikio la Himid

Thuwein alianza kulenga shabaha baada ya kufiwa na mkewe, na aliyemtia katika mchezo huo ni Himid. Kabla ya hapo hakuwahi kushika bunduki. Miaka yake yote ya kazi aliimaliza gatini Deira, akiandikisha mizigo ya vyombo vya Berbera na Bosaso, na alipostaafu alirudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Binti yake, Mwatima, alikuwa akikaa mtaa wa Jumeirah Village Circle na watoto wake. Alikuja kila Ijumaa na sufuria la pilau, akaondoka kabla ya alasiri. Siku nyingine zote Thuwein alikaa mbele ya televisheni aliyoizima sauti. Himid, rafiki yake tangu utotoni, alimkuta hivyo zaidi ya mara moja, na siku moja akamwambia, "Vaa viatu, tunatoka," wala hakusema wanakwenda wapi.

Walikwenda kwenye uwanja wa klabu moja ya shabaha, nje ya mji, pale nyumba zinapokwisha na kubaki mchanga na nguzo za umeme. Himid alikuwa mwanachama wa siku nyingi. Akamfundisha mwenzake kulala kifudifudi mkekani, kupumua, kungoja, kufyatua bila pupa. Thuwein aligundua kwamba jicho likiwa kwenye darubini ya bunduki na shabaha iko kule mbali, kichwa hakina nafasi ya kitu kingine. Hakumfikiri marehemu wala nyumba. Akapata kibali, akanunua bunduki yake, ikawa inahifadhiwa palepale klabuni. Kila Jumamosi asubuhi, msimu wa baridi, wawili wale walilala nafasi mbili za mwisho upande wa kushoto, Himid ukutani na Thuwein kuliani kwake. Walizungumza kidogo sana. Wakimaliza walikunywa chai ya maziwa kwenye kibanda cha Wahindi wa Malabari njiani, kila mtu akarudi kwake.

Kisha bega la Thuwein likaharibika. Bunduki yake ilikuwa na teke kali kila inapofyatuliwa, na mwili wa mzee hausahau. Ilifika hadi hawezi kuvaa kanzu bila kuuma meno. Mwatima akampeleka kwa daktari mtaa wa Oud Metha, daktari akatazama picha, akasema mshipa umechanika na mchezo wa bunduki aupe mkono wa buriani.

"Umesikia, baba?" Mwatima alimuuliza ndani ya gari.

"Nimesikia."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa Thamer.

Thamer alikuwa fundi wa bunduki pale klabuni, mtu wa makamo, bibi yake alizaliwa Mombasa, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, ingawa kilichanganyika Kiarabu. Alimsikiliza Thuwein, akafungua droo, akatoa kipande cha chuma cheusi kama kidole gumba kinene, kina matundu makubwa ubavuni. Akakiita breki. Alieleza kwamba hufungwa kwenye mdomo wa bunduki, na moto na upepo unaoisukuma risasi hutokea kwenye yale matundu ya pembeni badala ya kwenda mbele wote, na kwa kutoka hivyo huivuta bunduki isirudi nyuma.

"Bega lako litapumzika," Thamer alisema. "Lakini ule upepo lazima uende mahali, ammi. Utakwenda kwa jirani."

"Si sote tunavaa vizibo masikioni?"

"Mnavaa," alisema Thamer, akaanza kuifunga.

Siku ile Thuwein alipiga risasi nyingi kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na aliinuka bila maumivu. Alikaa garini akatabasamu peke yake. Alikuwa amekwisha kujiona yuko mbele ya televisheni mpaka siku ya kufa, na sasa chuma kidogo kile kimemrudishia Jumamosi zake.

Haikupita muda watu wakaanza kuhama. Mmoja aliyekuwa na desturi ya kulala kuliani kwake alikusanya vitu vyake akaenda ng'ambo ya pili ya uwanja bila neno. Mwingine alikaa kwa risasi mbili tu akaondoka akijifuta mchanga machoni. Harrison, kijana wa Kikenya kutoka Nakuru aliyekuwa msimamizi wa uwanja, alimfuata Thuwein kwenye maegesho.

"Mzee, sipendi kukusumbua. Lakini watu wameniongelesha kuhusu hiyo breki. Wanasema inawapiga."

"Ni marufuku?"

"Hapana, mzee. Si marufuku."

"Basi."

Harrison alimtazama Himid, aliyekuwa amesimama kando akifunga begi lake. Himid alitikisa kichwa taratibu, kama kumwambia, mwache. Harrison akarudi uwanjani. Thuwein aliliona lile, akalichukua kuwa ni dalili ya urafiki, wala hakulifikiri zaidi. Watu wote wakihama, Himid hahami.

Mwaka uliofuata Himid akaanza kukosa. Jumamosi moja alisema ana mafua, nyingine ana wageni kutoka Maskati, nyingine gari iko kwa fundi. Thuwein alitaka kwenda kumchukua, akajibiwa hapana, pumzika tu. Alipopiga simu Himid alikuwa akisema "enhe, enhe" mahali pasipostahili. Mwishowe Thuwein akaenda nyumbani kwake bila kuarifu.

Aliyemfungulia ni Rukiya, mke wa Himid. Alimkaribisha barazani, akaenda kumwamsha mumewe, akarudi peke yake.

"Amelala, shemeji. Kichwa kimemshika tangu jana."

"Kichwa gani?"

Rukiya alikaa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alionekana anapima kama aseme au asiseme.

"Sikio la kulia halisikii tena," alisema. "Limekwisha. Hili jengine lina mlio usiokatika, usiku na mchana. Akirudi kutoka kule uwanjani alikuwa akiingia chumbani, nikifunga mapazia, akilala mpaka magharibi. Ndio daktari kamkataza."

Sikio la kulia. Thuwein hakuhitaji kuambiwa nani alikuwa akilala upande ule.

"Kwa nini hakunambia?"

"Nilimwambia akwambie. Tuligombana kwa hilo. Akasema, 'Thuwein keshafiwa, na bega lake limekufa. Nikimwambia aitoe ile breki ataacha kuja, na akiacha kuja atakaa ndani mpaka azikwe.'" Rukiya alinyoosha upindo wa kanga yake magotini. "Mie nilikuwa na hasira na wewe, shemeji. Sasa hata hasira sina. Kunywa chai."

Aliinywa, kwa sababu kukataa kungekuwa vibaya zaidi.

Wiki ile Thuwein hakulala vizuri. Wazo la kwanza lilikuwa kuuza bunduki. Lakini kuuza aliona ni kukimbia, na pia alijua kwamba Himid alikuwa ameutoa usikivu wake ili yeye asiache. Akarudi kwa Thamer siku ya kazi, uwanja ukiwa mtupu.

"Nataka kitu kisichomuumiza jirani," alisema.

Thamer alitoa vyuma viwili vingine. Kimoja matundu yake yalikuwa madogo na yameinama kwa mbele. Cha pili ni breki iliyovikwa ganda la bomba, moto wote ukitokea mbele kuelekea shabaha. "Hii ya bomba jirani hataisikia kama adui," Thamer alisema. "Lakini ni nzito, na teke litarudi. Si lote, lakini litarudi. Ukitaka jirani apumzike, bega lako litabeba."

"Piga wewe," Thuwein alisema. "Zote, moja moja. Mie nitalala pale kwa jirani."

Thamer alimtazama Harrison, aliyekuwa amesimama mlangoni. Harrison alifikiri, akasema sawa, lakini avae vizibo vya ndani na vya nje pia, na miwani. Wakatandika mikeka miwili. Thuwein akalala ukutani, kwenye nafasi ya Himid, mara ya kwanza tangu aanze mchezo ule.

Thamer alianza na breki ya zamani. Thuwein alidhani amejitayarisha. Pigo lilimwingia usoni kama kibao cha mkono mzima, likapita kwenye meno, likashuka kifuani, na mchanga ukamrukia shingoni. Ukuta uliokuwa upande wake wa pili ulilirudisha pigo lile, likampiga tena. Aliinua kichwa akidhani kumetokea ajali. Thamer alikuwa amelala vilevile, ametulia, akivuta pumzi kwa ajili ya risasi ya pili.

"Ongeza," Thuwein alisema.

Baada ya risasi chache Harrison aliinama akamgusa mgongoni. "Mzee, inatosha."

"Yeye alikuwa akikaa asubuhi nzima."

"Najua," Harrison alisema. "Nilikuwa nikimwona. Akimaliza alikuwa anakaa kwenye lile benchi kwanza, anashika kichwa, mpaka wewe utoke kuweka bunduki. Halafu anasimama."

Thuwein alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akalala tena.

Breki ya matundu madogo ilikuwa afadhali, lakini bado iliugonga uso. Kisha Thamer akafunga ile ya bomba. Mlio ulikuwa mkubwa, ila ulikwenda mbele, na mchanga uliokuwa pembeni ya mkeka wa Thuwein haukutikisika. Alilala akasikiliza risasi mpaka zikaisha. Himid angeweza kulala pale miaka mingine kumi.

"Nifungie hii," alisema.

Alikwenda kwa Himid kumwambia. Safari hii alimkuta yuko macho, amekaa kwenye kochi na kichwa amekiinamisha kidogo kushoto, jinsi mtu anavyofanya anapotafuta sauti. Thuwein alikaa kuliani kwake kwa mazoea, akaongea, akaona hasikilizwi, akahamia upande wa pili. Akamweleza yote, kwamba alilala pale mahali pake, kwamba ameijua ile breki, kwamba sasa ameibadilisha.

"Ya bomba?" Himid aliuliza. "Nzito ile."

"Nzito."

"Na bega?"

"Liache bega. Himid, ungenambia."

Himid alimgeukia, sikio la kushoto mbele.

"Ningekwambia," alisema. "Kila Jumamosi nilikuwa nikisema leo namwambia. Halafu unatoka pale unacheka. Tangu msiba nilikuwa sijakuona unacheka." Akafunga macho. "Nilidhani masikio yatadumu zaidi. Sikujua ni haraka namna ile."

"Nisamehe."

"Nshasamehe zamani. Lakini kule sirudi, Thuwein. Hata uiwekee pamba. Daktari kasema hili moja likiondoka, basi."

Thuwein bado hulenga shabaha, kwa kuwa Himid alimkataza kuiuza bunduki. Hupiga risasi chache, kwa sababu teke limerudi na bega halimruhusu zaidi. Nafasi ya ukutani siku hizi hulala binti mmoja, Ashwaq, mwanafunzi wa chuo, mwenye bidii, ambaye hajawahi kuhama wala kulalamika. Hana habari kuna kitu cha kulalamikia. Mara moja alimsifu Thuwein kwamba bunduki yake ni ya upole. Thuwein alishukuru, akaanza kukusanya vitu vyake kabla ya wakati.

Kutoka hapo huenda moja kwa moja kwa Himid. Rukiya huweka chai. Thuwein hukaa upande wa kushoto, akaongea kwa sauti kubwa, habari za upepo na matokeo na nani kapiga vipi. Himid huitikia kwa kichwa. Huitikia pale panapotakiwa na pale pasipotakiwa, hata Thuwein anaponyamaza katikati ya neno, na Thuwein, akijua hasikiki, huendelea kusimulia.