Wifi Yangu Anauza Fandesheni ya "Rangi Zote", Mimi Mweusi Ndiye Tangazo

Admin, nifichie jina, maana wifi yangu anaufuata huu ukurasa na huwa anasoma hadi maoni.

Mimi ni binti wa miaka 26, Mgogo, naishi Dodoma mjini na kazi yangu ni kupamba maharusi. Ni mweusi hasa. Nina mchumba, na kwao wameshakuja kujitambulisha nyumbani. Huyo wifi ninayemsema ni dada yake mkubwa.

Wifi ana duka la vipodozi, na mwaka jana alianzisha fandesheni yake mwenyewe. Nilifurahi jamani. Katika hizi kazi zetu, fandesheni za makampuni makubwa zinapatikana, lakini wauzaji wa hapa mjini wanaleta za maji ya kunde tu, wanasema nyeusi hazitoki. Wifi akawa anahubiri, "Wakubwa wametusahau, hii ni yetu, kila mwanamke ana rangi yake humu." Akaniomba niwe sura ya tangazo. Nikakubali bila kuuliza.

Siku ya picha akanipaka ile nyeusi kuliko zote. Nilipojitazama kwenye kioo nilikuwa kama nimemwagiwa majivu. Wifi hakushtuka hata kidogo. Akaninawisha uso, akatoa kwenye mkoba chupa ya kampuni kubwa ya nje, akanipaka hiyo. Ikanikaa kama ngozi yangu. Nikamuuliza, "Wifi, mbona siyo yetu?" Akasema, "Hii ni ya picha tu. Yako inakuja mzigo ujao." Nikamwamini. Bango likawekwa dukani na mtandaoni, uso wangu mzima, na maneno "Hakuna anayeachwa."

Mizigo imekuja na kuisha. Rangi yangu haijawahi kuja.

Siku moja nikiwa dukani namsaidia wifi kupaka wateja, akaingia binti kutoka Mvumi, huko wilayani Chamwino, mwalimu wa chekechea. Nitamwita Neema, siyo jina lake. Alikuwa anajiandaa na harusi yake. Akanikumbatia, akasema, "Dada, nimekuona kwenye simu nikasema huyu ni mweusi kama mimi, safari hii nimepata!" Nikampaka, uso ukawa wa kijivu. Akaanza kujifuta kwa kiganja. Mimi nikakosa pa kuangalia.

Wifi akasogea. "Mdogo wangu, tatizo siyo fandesheni. Tatizo ni rangi yako imezidi. Chukua hii losheni, ukishatakata kidogo utaingia kwenye hii namba yetu ya mwisho."

Yaani mtu hajatengeneza rangi yako, halafu anakuuzia mkorogo ili wewe ndiye ufanane na kopo lake! Neema akanitazama mimi, mtu wa kwenye bango, akaniuliza, "Dada, na wewe unatumia?" Nikamjibu, "Hapana, na wewe usitumie." Wifi akacheka, akasema, "Huyu anaona aibu tu, wanawake wote tunatumia." Binti wa watu akainunua.

Alirudi harusi ikiwa imekaribia, amejifunga mtandio hadi machoni. Alipoufungua, mashavu yalikuwa yamebabuka, pengine pekundu, pengine peusi tii. Akasema taratibu, "Shikamoo dada, nimekuja mnisaidie." Wifi hakuitikia hata salamu. "Umezidisha mwenyewe," akasema, akaendelea na mteja mwingine. Neema alipotoka, wifi akaniambia, "Hawa wa huko vijijini, nikitengeneza rangi yao nani atanunua?" Na yeye amezaliwa hukohuko Chamwino! Mama yake mzazi ni mweusi kuliko mimi!

Nilimpeleka Neema hospitali. Harusi aliifunga hivyohivyo, mimi ndiye niliyempamba, na sikumpaka kitu kwenye mashavu.

Nilipomsimulia mchumba wangu, alikuwa anakula. Hakuacha kula. Akauliza, "Kwani wewe umeungua?"

Sasa wiki iliyopita wifi amenionyesha tangazo jipya la ile losheni. Upande mmoja ni mimi. Upande wa pili ni mimi pia, nimefanywa mweupe kwa kompyuta hadi pua siyo yangu. Kwa juu ameandika "Kabla" na "Baada." Nikamwambia, "Wifi, hapana, uso wangu hautokei hapo." Jioni mchumba wangu akanipigia. "Dada amekasirika. Ukimwaibisha yeye umetuaibisha wote, na ya harusi tutayaangalia upya." Mama yangu naye, aliyekwisha kulitangazia kanisa zima harusi yangu, anasema niache waweke tu, picha haiumi.

Neema anataka kwenda kumshtaki, na ameniomba niende kueleza nilichoona na kusikia. Ninataka kwenda. Lakini nikienda, ndoa hakuna, na mchumba wangu huyu ni miaka mingi tuko pamoja. Ila tangu aniulize lile swali, akinishika mkono nasikia kinyaa, nauondoa.

Niende na Neema nipoteze ndoa, au nifunge ndoa niitwe wifi kwenye nyumba ile? Naomba mawazo yenu, nimekwama kabisa. Ila msiniambie nivumilie. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu ambaye sura yake haipo kwenye tangazo.