Karafuu Zilizopangwa kwa Rula

Fundi miwani alipita buchani kununua mfupa wa supu, basi. Hakuwa na safari nyingine. Mwenye bucha alipomwona tu akapaza sauti kutoka nyuma ya kaunta:

"Afadhali umekuja! Mzigo wa shemeji huu hapa."

Akamtolea paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, limefungwa karatasi na kamba, zito kama mtoto wa kubebwa. Kila mwisho wa mwaka mke wa fundi aliliagiza hapo, mpaka mwenye bucha akazoea kumwekea bila kuambiwa.

"Shemeji hajambo?"

Sasa hapo si ndipo angesema? Neno moja tu, jamani, mtu akatua mzigo! Lakini mkewe alizikwa tangu mvua zilipoanza, na kila alikokwenda watu walimpa pole na kumpunguzia sauti. Hapa buchani tu ndipo mama yule alikuwa bado mzima, anaulizwa hali. Fundi akaupokea mzigo.

"Hajambo. Anauliza... mwaka huu alipikeje?"

"Yeye ndiye wa kuniuliza mimi?" Mwenye bucha akaangua kicheko. "Haya, mwambie limeshaiva hilo, asije akalichemsha likapoteza moshi wake. Ni kulipasha tu. Maji kidogo kwenye trei, alifunike kwa foili, moto mdogo. Likipata joto mpaka ndani, achanje mafuta ya juu, achomeke karafuu, apake asali na haradali, alirudishe wazi mpaka ling'ae. Na asisahau kipande changu!"

Kipande! Masikini, hilo lilikuwa limemtoka kabisa. Kila mwaka, kesho yake, mkewe alimpelekea mwenye bucha kipande cha kuonja. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa ya siku moja.

Basi akapiga moyo konde. Akaifuta oveni, ambayo haikuwa imewashwa tangu msiba, akafuata maneno ya mwenye bucha moja baada ya jingine. Ilipofika zamu ya kuchanja mafuta akachukua rula yake ya kazini, mistari isije ikaenda upande. Karafuu alizichomeka moja moja kwa kibano kile cha kushikia skrubu ndogo za miwani, zikakaa sawasawa kwenye mistari. Aliridhika nazo sana.

Jioni paja likang'aa, nyumba nzima ikanukia. Harufu hiyo ndiyo iliyommaliza. Aligeuka kumwita mtu aje aone, jina likamfia mdomoni. Nyama ya kutosha watu wanane, na yeye peke yake, amesimama kando ya sinki na kisu. Akashindwa hata kutafuna, akalia kwa sauti. Acha alie, nani wa kumsikia?

Asubuhi akapeleka kipande kwenye bakuli la mkewe, lile lenye mfuniko wa bluu.

"Aah, shemeji bwana!" Mwenye bucha akafunua kwa pupa. Kisha akaliinamia bakuli. Mama yule alikuwa akichomeka karafuu huku anapiga soga, moja huku, nyingine kule, mbili mahali pamoja. Hizi zilikuwa zimejipanga kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Fundi. Hizi umezipanga wewe."

"Ndiyo."

"Shemeji hajambo?" Safari hii aliuliza polepole.

Fundi akaukazia macho mfuniko wa bluu.

"Hayupo. Nilimzika."

Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo. Siku zote wengine ndio waliomsemea. Mwenye bucha hakusema pole. Alijifuta mikono kwenye aproni, akakichukua kile kipande, akakila chote taratibu, wateja wakisubiri, wengine wakianza kunung'unika. Akaliosha bakuli, akalikausha, akalirudisha.

"Mwakani nikuwekee paja dogo?"

 Fundi alilifunika bakuli, akalifunua, akalifunika tena.

"Dogo," akasema.