Pembe Iliyolalia Udongo

Sogea karibu, wewe unayesoma, usikilize kama vile umekaa nami uani nikipeta uwele. Nitakueleza pole pole. Jambo hili lina desturi mbili ndani yake, na usipozijua utashangaa kwa nini niliogopa kiasi kile. Ukizijua, utaogopa pamoja nami, wala hilo si baya. Woga wa watu wawili ni mwepesi kuliko wa mmoja.

Ulikuwa wakati wa Wadachi, reli ilipokuwa ikija Dodoma. Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya hiyo reli, akipasua mawe na kubeba udongo. Nyumbani tulibaki watatu: mama mkwe wangu, mimi, na mwanangu wa kwanza ambaye alikuwa bado hajatambaa. Mama mkwe alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na magoti yaliyokwisha. Shamba lilikuwa lake, tangu kilima cha mawe mpaka kwenye mto wa mchanga, limezungushiwa miiba ambayo mumewe aliikata kwa mkono wake. Tembe yetu, nyumba ya paa la udongo, ilisimama peke yake. Jirani wa karibu alikuwa nyuma ya kilima.

Asubuhi moja, jua likiwa limekwisha kupanda, nilisikia uwele unavunjika. Ng'ombe akivunja uwele, hukatika mabua machache kisha huwa kimya. Huu ulivunjika kama mtu anayekunja mkeka mkavu, bila kukoma. Nilitoka, nikaona tembo. Alikuwa amepita kwenye miiba kana kwamba haipo, na alikuwa anakwenda upande upande, masikio yamelegea. Alifika karibu na mto, akapiga magoti, akalala ubavu. Vumbi lilipotulia nikaona watu watatu nyuma yake wenye pinde na mashoka, wamesimama palepale miiba ilipobomoka.

Hapa ndipo desturi ya kwanza. Kwetu, mwindaji aliyejeruhi mnyama anaruhusiwa kumfuata hata ndani ya shamba la mtu. Lakini mnyama akishaanguka, mwindaji hamgusi. Analegeza kamba ya upinde wake, anakwenda mlangoni kwa mwenye ardhi, anaacha silaha nje, anamwita aje aone. Na akiwa ni tembo, pembe ya juu ni ya mwindaji. Pembe iliyolalia udongo ni ya mwenye shamba. Asipoitoa, watu waliamini, ardhi haitasahau, na siku nyingine itamlaza yeye mwenyewe mahali pa mnyama. Kwa hiyo hata mwindaji mkaidi aliiogopa pembe ya chini.

Ni desturi nzuri, sivyo? Inafundisha heshima. Lakini Wadachi walikuwa wameleta sheria yao juu yake. Tembo wote walikuwa wa serikali, na mtu kama sisi akikutwa na pembe nyumbani, mwenye nyumba alifungwa mnyororo na kupigwa hamsa-ishirini, viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko. Nilikuwa nimewahi kumwona mtu aliyetoka huko. Hakuweza kulalia mgongo mpaka mvua zikaja. Na mwenye nyumba yetu, kwa vitabu vyao, alikuwa mume wangu. Walijua alipo. Hawakuhitaji hata kumtafuta.

Basi ndivyo ilivyokuwa: watu wale walikuwa wanatuletea heshima, na heshima yenyewe ilikuwa mnyororo wa mume wangu.

"Hodi wenye shamba," mkubwa wao aliita. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za ndevu, akisema lugha yetu kwa kuivunjavunja. "Tumeharibu miiba yenu na uwele wenu. Tumekuja kuomba macho ya mwenye ardhi."

Mama mkwe hakusimama. Alijibu akiwa kwenye jiwe lake la kusagia. "Macho ninayo, miguu sina. Mngemwambia tembo wenu afie hapa mlangoni, ningemwona."

Kijana mmoja kati yao alicheka. Mkubwa hakucheka. "Basi mtu wa nyumba yako aje badala yako, mama. Bila hivyo hatuwezi kutia shoka."

Mama mkwe akanitazama. Alininong'oneza maneno machache tu: "Usikatae, watadhani tutawashtaki bomani kwa Wadachi. Usiilete pembe nyumbani, watatuua wale wa bomani. Nenda, mwanangu. Utaona huko."

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko nikaenda. Sikuwa nimewahi kutembea na wanaume watatu nisiowajua. Mishale yao ilikuwa imezungushiwa vipande vya ngozi ili sumu isikauke, na nilijua kwamba mchubuko mmoja wa mshale ule ungetosha. Nilitembea nyuma yao, ili mtoto asiwe kati yangu nao.

Tembo alikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu, au ndivyo nilivyomwona. Pembe ya juu ilielekea mbinguni. Ya chini ilikuwa imezama kwenye udongo karibu yote, ikavunja mabua ya uwele yakalala chini yake kama kitanda.

"Weka mkono," mkubwa akasema. "Useme umeipokea. Kisha tutaikata tukuletee nyumbani."

Niliinama, nikaweka kiganja kwenye pembe. Ilikuwa bado na joto. Nikasikia mmoja anamchezea mwanangu mgongoni, na mtoto anaguna kwa furaha. Sikuthubutu kugeuka. Nikafikiri: nikisema sikuipokea, hawataondoka. Nikisema nimeipokea, itaingia nyumbani. Nikafikiri tena: ikishakuwa yangu, nani anayeamua ilale wapi?

"Nimeipokea," nikasema. "Ni yetu sasa. Na kwa kuwa ni yetu, nasema ibaki hapo ilipo. Msiikate."

Walitazamana. Kisha yule kijana akasema, "Huyu mke wa mtu anaogopa kivuli cha Mdachi hata mchana wa jua!"

"Naogopa," nikamjibu. "Wewe huogopi? Mbona unatazama njia kila mara?"

Mwenzake alicheka hapo, akampiga begani. Lakini mkubwa alinikazia macho. "Au unaiacha ili askari waione, wafuate nyayo zetu?"

Huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko yote ya siku ile. Nilinyoosha mkono juu. Tai walikuwa wameanza kuzunguka, wachache kwanza, na wengine wakija kutoka pande zote za mbuga. "Baba," nikasema, "askari hawanihitaji mimi. Wale hapo juu wanawaita tayari. Kateni yenu mwende. Yetu inabaki na ardhi, na ardhi imelipwa."

Alitazama juu. Akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyekubali bei asiyoipenda. Walianza kukata pembe ya juu. Walinipa nyama, nikakataa, maana moshi wa nyama ya tembo hukaa kwenye paa. Jua lilipokuwa kichwani walikuwa wamekwenda, wakielekea upande wa Kondoa.

Nyumbani nilimfungua mtoto ndipo nikaona. Mkononi mwake palikuwa na bangili nyeusi ya singa za mkia wa tembo, imesukwa kwa fundo linaloteleza, ambalo hupanuka mtoto akikua. Yule aliyemchezea alikuwa amemvisha nilipokuwa nimeinama; labda aliisuka kwa singa za windo lao la kabla. Mama mkwe aliigusa akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Iache. Humkinga mtoto na vitisho."

Tukaiacha. Tulifagia nyayo zao mlangoni. Tulimwaga majivu waliposimama. Niliosha mikono kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka. Tulifikiria kila kitu ndani ya nyumba na nje ya nyumba, na hatukumfikiria mtoto. Mtu anaposafisha nyumba hamhesabu mtoto kuwa mahali pa kuficha kitu.

Askari walikuja kesho yake asubuhi. Walikuwa kijiji cha pili wakichukua watu wa kazi ya njia, wakaona tai. Mkubwa wao alikuwa na cheo cha shaushi, mtu wa mbali kabisa, mwenye kiboko kimekunjwa kwapani. Mwenzake alikuwa kijana mwembamba. Walipita kwanza kwenye mzoga, kwa hiyo walipofika walikuwa wamekwisha kujua habari nusu.

"Mwenye shamba nani?"

"Mimi, bwana," mama mkwe akasema.

"Mwanao?"

"Yuko kwenye reli yenu, anavunjika mgongo."

"Atavunjika vizuri zaidi." Shaushi alikunjua kiboko. "Pembe ya pili iko wapi?"

"Muulize aliyeichukua. Sisi tumechukuliwa uwele."

"Na hii ya chini mmeiacha ili mrudi usiku?"

Nilijibu mimi, kwa sababu niliona mama mkwe anatafuta pumzi. "Bwana, mashoka tunayo. Tungeitaka, ingekuwa imekwisha kutoka. Ipo palepale, ichukueni."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani kupekua. Nilisikia singe ya bunduki inachoma paa la udongo, inatumbukia kwenye vihenge vya nafaka, inachimba mafigani. Nilijua hakuna kitu humo, na bado niliogopa kwamba kitapatikana, kama vile woga wangu ungeweza kukiweka.

Yule askari mwembamba aliachwa nje atulinde. Alimtazama mama mkwe, akatazama chale za kabila usoni mwake, uso wake ukabadilika. "Ee! Kumbe ni watani! Bibi, wewe bado hujafa?"

Hii ndiyo desturi ya pili. Kabila lake na letu yanataniana. Mtani anaweza kukutukana usikasirike, na anaweza kunyang'anya kitu chako mbele ya watu, ukabaki kucheka. Alichonyang'anya kimekuwa chake. Hakuna wa kumdai. Na ukifa, yeye ndiye anayefika mazishini kufanya kazi na kuchekesha wafiwa.

Mama mkwe alijibu bila kukawia. "Nife, kisha nani akuzike wewe? Na kwa miguu yako hiyo, kaburi la kuku litakutosha."

Kijana akacheka, akachuchumaa, akamshika mwanangu mkono amchezeshe. Kicheko kikakatika.

Niliona anaiona. Aliizungusha ile bangili kwa kidole. Singa zilikuwa mpya, bado zina mafuta ya ngozi. Aliinua macho akanitazama. Ndani, singe ilikuwa imenyamaza. Hatua za shaushi zilikuwa zinakuja mlangoni.

Mama mkwe akapaza sauti, kali, kama anayemfukuza mbuzi kwenye mtama. "Mmeona mtani huyu! Macho yamemtoka kwa kitu cha mtoto! Kwenu hakuna mapambo, mpaka mnyang'anye wanaonyonya?"

Yule kijana alisita kidogo tu. "Mtani hanyimwi," akasema. Akalivuta lile fundo, bangili ikapanuka, akaivua mkononi mwa mtoto, akaipitisha kwenye mkono wake na kuishusha chini ya mkono wa shati lake.

Shaushi akatokea. "Nini hiyo?"

"Utani tu, shaushi. Nimemnyang'anya mtani wangu bangili."

"Askari wa serikali anaiba vya watoto." Shaushi alitema mate, akafuta vumbi la paa usoni. "Toka hapo. Twende tukatafute watu wa kuchimbua ile pembe."

Yule kijana aliondoka nyuma yake bila kugeuka. Mpaka leo sijui kama alifanya vile kwa utani au kwa huruma, na nimekwisha kuacha kutaka kujua. Ushahidi uliokuwa umfunge mume wangu uliondoka umevaliwa na askari. Mwanangu alilia akitafuta bangili yake. Mama mkwe naye alilia, huku akisaga, unga ukapata maji kabla ya wakati wake.

Mume wangu alirudi kazi yao ilipokwisha, amekonda, mgongo wake hauna alama ila za mizigo. Nilimwambia yote tulipokuwa tunarudishia miiba. Akaniuliza kama tai bado wananitisha. Nikamwambia ndiyo. Bado wananitisha hata sasa; nikiwaona wanazunguka huacha kazi na kuangalia wanashukia kwa nani.

Nawe utapata siku ya kuogopa nyumbani kwako, msomaji wangu, maana wanaokanyaga mashamba ya watu hawajaisha, wala wanaowafuata nyuma. Siku hiyo usijilaumu kwa kutetemeka. Mimi nilitetemeka mwanzo hadi mwisho, na mikono iliendelea kufanya kazi. Ila fanya jambo moja ambalo sisi hatukulifanya. Ukisikia hodi na hujui ni nani, usiitikie kwanza. Mpakate mtoto wako, mfungue ngumi zake, angalia mikono yake yote miwili. Kisha ndipo useme karibu.